Apu ya bodaboda Ifakara au pikipiki tatu za mama? Jibu kwa kijana mwenye milioni 9

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Ifakara. Nina milioni 9, nusu nimeipata kwenye mpunga misimu miwili na nusu nyingine mjomba kanikopesha. Huku kwetu usafiri ni shida hasa usiku na kipindi cha mvua, nikapata wazo la kutengeneza apu ya kuita bodaboda na bajaji kama Bolt ila ya hapahapa. Kuna jamaa yuko Dar anasema ataitengeneza kwa milioni 6. Mama hataki hata kusikia, anasema ninunue pikipiki tatu niwape vijana waniletee hesabu. Nishauri kaka, nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Na mama mpe shikamoo yangu, maana kwa nilivyosoma hapo yeye ndio yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ila na yeye kuna sehemu kateleza kidogo, nitafika huko. Jamaa wa Dar mwambie asubiri kwanza. Usimtumie hata advansi.

Mimi nimekaa kwenye hizi biashara za vyombo vya usafiri kama miaka 15 sasa, nimeanza na pikipiki moja ya mkataba, yaani dereva analipa kidogokidogo kila siku mpaka chombo kinakuwa chake, nikaja kuwa na toyo mbili, zile pikipiki za matairi matatu za mizigo, nikafanya sana kazi ya kukagua biashara za usafiri kwa niaba ya watu wanaotaka kuweka hela zao, na hela kwenye apu nimeshapoteza pia, tena si kidogo. Tulikuwa washkaji watatu, mji mmoja wa mkoani ambao hauzidi sana huo wa kwenu kwa ukubwa. Tukaandikisha madereva kama 60, tukawapa na fulana. Wiki ya kwanza apu ilichangamka mpaka tukaanza kuongelea kufungua mkoa wa pili, kumbe watu walikuwa wanafuata tripu za bure tulizokuwa tunagawa. Ofa ilipoisha ndio tukaona kitu ambacho tungetakiwa kukijua tangu mwanzo: abiria anatumia apu mara moja, anampata boda mzuri, anachukua namba yake, basi. Kesho anampigia moja kwa moja. Dereva anafurahi maana hakatwi kamisheni, abiria anafurahi maana anamjua mtu wake, sisi tunabaki na seva ya kulipia. Mwezi wa tatu tulikuwa tunapata tripu sita kwa siku na mbili kati ya hizo ni sisi wenyewe tunaenda ofisini.

Sasa jiulize, Bolt Dar inauza nini hasa? Haiuzi pikipiki, pikipiki zipo kila kona. Inauza mambo mawili matatu: hujui boda huyu ni nani na apu inakwambia, hujui bei ya kutoka Kimara mpaka Masaki na apu inakupa kabla hujapanda ili msigombane mbele ya safari, na boda hajui nyumba yako iko wapi lakini ramani inamleta. Yote ni matatizo ya mji mkubwa ambao watu hawajuani. Ifakara nani hajui bei ya kutoka stendi mpaka hospitali? Nani hana boda wake? Wewe mwenyewe nina uhakika kwenye simu yako kuna mtu umemsevu "Fulani Boda". Hiyo ndio apu ya Ifakara, ipo tayari, inafanya kazi mpaka kwenye kitochi na haili bando.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme tripu ya mjini kwenu ni shilingi 1,000 na wewe unachukua asilimia 15, hiyo ni shilingi 150 kwa tripu. Ili milioni 6 ya jamaa irudi tu, bila faida, unahitaji tripu 40,000. Ukipata tripu 50 kila siku bila kukosa, ambazo kwa mji kama huo kwa kuanzia ni nyingi mno, ni siku 800. Zaidi ya miaka miwili! Na hapo hujalipa seva, hujalipa mtu wa kupokea malalamiko saa 4 usiku, hujafanya promosheni yoyote, na jamaa hajakwambia kwamba simu za watu zikibadilika toleo na apu inabidi irekebishwe na marekebisho yana bei yake. Hiyo milioni 6 ni kiingilio tu mdogo wangu.

Utaniambia mbona Gojek ya Indonesia ilitoboa, na mfano huu vijana wanaupenda sana. Sawa, ila uangalie vizuri ilianzaje. Gojek imeanza 2010 pale Jakarta na watu wa ojek, yaani bodaboda wao, kama 20 hivi, na simu ya mezani. Mteja anapiga, mtu anapokea, anamtafuta dereva, basi. Apu ilikuja Januari 2015. Miaka kama mitano yote hiyo walikuwa wanajifunza mteja anataka nini na dereva anakwama wapi. Watu wanaiga walipofikia leo wala hawaulizi walipoanzia, na aliyewasimulia story kaanzia katikati.

Na tena hata ukiwa na hela nyingi kuliko za mjomba. Swvl, kampuni ya Misri iliyoanza 2017, iliingia Nairobi 2019 na vibasi vya kubukia kwenye simu, siti yako ipo, saa inajulikana, kitu kizuri kabisa na abiria walikipenda. 2022 ikafika mpaka soko la hisa la Nasdaq kule Marekani, na mwaka huohuo ikasimamisha zile ruti zake za ndani ya jiji la Nairobi. Bei waliyokuwa wanamtoza abiria ilikuwa inabebwa na hela za wawekezaji, na wawekezaji walipokaza mkono hesabu ikagoma. SafeBoda ya Kampala ninaiheshimu sana, mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa bodaboda mwenyewe, na walichokuja nacho hakikuwa apu peke yake, ilikuwa helmeti mbili, moja ya abiria, na mafunzo kwa dereva na lile koti la machungwa mtu akiliona anajua huyu kafundishwa. Hata hivyo Kenya walishindwa wakafunga Novemba 2020. Hapa kwetu unakumbuka 2022, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliposema kamisheni isizidi asilimia 15, Uber ikasimama mwezi wa 4 ikasema kwa kiwango hicho haiwezi kufanya kazi, mpaka viwango vilipoangaliwa upya ndio ikarudi mwanzoni mwa 2023. Kama asilimia 15 haikumtosha mwenye jiji la Dar es Salaam zima, wewe na Ifakara itakutosha vipi?

Kuna kisa kimoja nitakaa nacho kidogo kwa sababu ndani yake ndio kuna jibu lako. 2013 Google kwa kushirikiana na Equity Bank walileta Nairobi kadi inaitwa BebaPay. Abiria anaweka hela kwenye kadi, anapanda matatu, konda ana simu, anagusisha kadi, nauli imekatwa. Serikali ya Kenya nayo 2014 ikasema matatu zote ziache keshi. Teknolojia haikuwa na shida, ilifanya kazi. 2015 Google wakaifunga. Kwa nini? Kaa uifikirie matatu inavyoishi, au daladala yetu, ni kitu kilekile. Asubuhi dereva na konda wanachukua gari kwa bosi, jioni wanapeleka hesabu, kinachobaki ndio cha kwao. Katikati hapo keshi inafanya kazi mia moja: mafuta yanawekwa kidogokidogo kila baada ya tripu mbili, mpiga debe anataka chake, deiwaka kaomba apige tripu moja ili dereva ale anapewa chake, pancha, chakula, na wengine wanaosimama barabarani ambao wewe unawajua na mimi nawajua. Kadi ikaja ikasema hela zote ziende kwenye akaunti ya mwenye gari. Mwenye gari kafurahi sana, lakini mwenye gari hayupo kwenye gari! Aliyepo ni konda, na konda akiambiwa na abiria "nina kadi" anajibu mashine mbovu, na abiria kachelewa kazini hana muda wa kubishana, anatoa mia zake.

Ndio nakwambia, kwenye usafiri wa kwetu yule anayeshika usukani na yule anayeshika nauli ndio wenye kura ya turufu. Kitu chochote ukileta, jiulize kwanza dereva anapata nini leo jioni. Asipopata kitu, kimekufa, hata kama abiria anakipenda, hata kama waziri anakipenda. Apu yako dereva inampa nini? Inamkata 150 kwa abiria ambaye angempata kijiweni bila kukatwa.

Sasa dereva wa Ifakara shida yake ni nini? Nenda kijiwe chochote ukae nao kutwa nzima, usijifanye unafanya utafiti, kunywa nao kahawa tu. Hawatakwambia tunakosa apu. Watakwambia chombo si changu. Boda anaendesha miaka na miaka, kila siku anapeleka hesabu, tuseme elfu 7, kwa siku 26 za mwezi ni 182,000, miaka miwili ni milioni 4 na laki 3 na ushee, yaani kanunua pikipiki nzima na chenji juu lakini bado anaitwa dereva wa fulani, na siku bosi akiamka vibaya anaambiwa lete funguo.

India kule mji wa Guwahati kuna daktari wa mifugo anaitwa Pradip Kumar Sarmah aliliona hilihili kwa wavuta rikisho, zile baiskeli za matairi matatu za kubeba abiria. Watu wanaendesha miaka mingi, kila siku wanalipa kodi ya chombo, hakuna hata mmoja ana cha kwake maana benki haimkopeshi mtu asiye na dhamana. 2004 akaanzisha kitu kinaitwa Rickshaw Bank: unachukua rikisho, unalipa kidogokidogo kila siku hela inayokaribiana na ile uliyokuwa unalipa kodi, ikifika kiasi chombo ni chako, na humo ndani kuna bima na kitambulisho, afu chombo chenyewe wakakichora upya na watu wa chuo cha IIT Guwahati kikawa chepesi. Umeona hakuna apu hapo, kuna daftari tu, na mtu alieelewa kwamba dereva anao uwezo wa kulipa kwa siku ila hana uwezo wa kulipa kwa mkupuo.

Utasema hiyo si ni mkataba wetu tu? Ndiyo, ni mkataba, na ndio maana nasema mama yuko karibu. Wabongo tuliugundua wenyewe vijiweni bila mshauri wala semina. Tena ukiangalia historia karibu kila usafiri tunaopanda umeanzishwa hivyo. Bodaboda ni watu wa baiskeli pale Busia waliokuwa wanavusha watu na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda, ndio hilo jina, "border-border". Daladala zimeingia Dar wakati mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar, hayatoshi, watu wakaanza kupakia kwa kujificha kwa dala, ile shilingi 5, serikali ikaja kuziruhusu 1983, kitu kishazoeleka. Hakuna aliyesubiri mradi.

Mama kateleza wapi sasa. Kwanza kwenye hesabu za kawaida badala ya mkataba. Kijana wa hesabu hana sababu ya kuitunza pikipiki yako, ataibebesha mishikaki, yaani abiria wengi kwa mpigo, oili atasema nimebadilisha na hajabadilisha, cheni italegea mpaka ikate, kwa sababu ikifa ni hasara ya kwako. Pikipiki nyingi haziishi, zinauliwa. Kijana wa mkataba anajua baada ya miezi 16 chombo ni chake, utamkuta jumapili anakiosha. Tuseme pikipiki umenunua milioni 3, mkataba elfu 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 260,000, miezi 16 inakuwa 4,160,000. Toa bima, toa vibali na vitu vya dharura, unabaki na faida ya laki 7, 8 hivi kwa kila chombo, si utajiri, ila ni hela unayoiona. Bei zenyewe kaulizie hapo kwenu, mimi nakupa njia ya kupiga hesabu.

Pili, na hili ndio kubwa, pikipiki tatu kwa milioni 9 maana yake umemaliza hela yote siku ya kwanza. Nimeona watu wengi wanafia hapo. Siku ya 20 kijana mmoja kapata ajali, mguu uko kwenye plasta wiki sita, mwingine kakamatwa chombo kiko kituoni, hesabu zimesimama na wewe huna hata laki mbili ya kutatua, unaanza kukopa ili biashara ipumue. Mimi nasema nunua mbili, si tatu, na iliyobaki usiiguse mpaka miezi sita ipite. Kama moyo unakusukuma sana basi nunua moja ya mkataba na hela nyingine tafuta toyo, hata iliyotumika kidogo ila ikaguliwe na fundi wa kwako, si fundi wa muuzaji.

Kwa nini toyo? Kwa sababu uko Kilombero! Uko kwenye ghala la mpunga afu unafikiria kubeba watu kwa buku. Watu wana boda wengi, magunia ndio hayana. Mpunga ukishavunwa unatakiwa utoke shambani ufike kwenye mashine, na kile kipande cha kwanza, kilomita sita, nane za njia mbaya ambazo fuso haliingii, ndio chenye hela na ndio chenye mateso. Mkulima anapanga baiskeli, gunia moja moja, au anamsubiri dalali aje na gari lake, na dalali akija na gari anakuja na bei yake pia, kwa hiyo ukimpa mkulima usafiri umempa na uwezo wa kumkatalia dalali. Hapo umetatua shida ya kweli na mtu atakulipa bila kuchelewa.

Ila toyo ina siri moja ambayo wengi hawaijui mpaka wafilisike nayo, nayo ni kurudi mtupu. Tuseme umebeba magunia 6 kwa 2,500 kila moja, ni 15,000. Mafuta kwenda na kurudi 5,000. Imebaki 10,000, humo kuna dereva, kuna tairi, kuna uchakavu, kwa kweli hakuna kitu. Lakini ile safari ya kwenda shambani ungekuwa umepakia mifuko ya mbolea, au saruji ya mtu anayejenga kijijini, au soda za kioski, hata kwa 8,000 tu, mafuta yanaongezeka kidogo sana na wewe faida imekaribia kuwa mara mbili. Mtu wa mizigo anaeelewa haulizi "nani ananipa mzigo", anauliza nikishusha hapa napakia nini. Kwa hiyo kabla hujanunua toyo nenda kwa maduka matatu ya pembejeo na matatu ya vifaa vya ujenzi, waulize vitu vyao wanapelekaje vijijini na kwa bei gani. Ukipata wawili wanaokuhitaji kila wiki, nunua. Ukikosa, usinunue, hata kama bei ni ya kutupa.

Na msimu uzingatie. Mavuno yanapochanganya hapo mwezi wa 5 mpaka wa 8 utafanya kazi mpaka usiku, afu kuna miezi utakaa unapiga miayo, na masika yenyewe bonde la Kilombero si la kuchezea, kuna njia zinageuka mto. Hela ya msimu usiile yote msimuni, wakulima mnajua hili kuliko mimi. Na angalia barabara zinavyobadilika, lile daraja la mto Kilombero lilipoanza kutumika watu waliokuwa wanaishi kwa kivuko na mitumbwi biashara iliisha ghafla, lakini wa Noah, bajaji na bodaboda za upande wa pili wakazaliwa. Lami au daraja likisogea linaua biashara moja linafungua mbili, uwe unasikiliza.

Sasa tuje kwenye usiku, maana hilo ulilitaja mwenyewe na sitaki nilirukie. Shida ya usiku ipo kweli. Mama mjamzito saa 8 usiku anatakiwa kufika hospitali ya St. Francis, abiria wa TAZARA kashuka treni imechelewa masaa kibao, kijiwe kimelala. Hapo unaweza kufanya kitu na hela isiyozidi laki tatu. Tafuta madereva wanane ambao mji mzima unawaheshimu, wasiokunywa, wenye leseni. Sajili laini moja yenye namba rahisi kukaririka. Panga zamu, wawili kila usiku, simu inakaa kwa mtu mmoja anayepokea, mlipe. Bei ya usiku iandikwe wazi na ibandikwe hospitali, stesheni, maduka ya dawa na gesti zote, ili hakuna kuanza kupatana na mtu ana uchungu wa kujifungua. Nunua helmeti ya pili kwa kila dereva na reflekta zenye namba mgongoni, mtu akipanda anajua nimepanda namba 5. Dereva usimkate kwa tripu, akulipe kiasi kidogo kilekile kila wiki, maana ukimkata kwa tripu ataanza kuficha tripu, na wewe utaanza kumvizia, mtagombana. Kwenye simu ya kawaida na kundi la WhatsApp hiyo inafanya kazi kuanzia jumatatu ijayo.

Ikifika siku simu zinapishana mpaka mpokeaji anachanganyikiwa, madereva wamefika 80, na umejaza daftari tatu za nani kaenda wapi saa ngapi kwa bei gani, hapo nitafute tuongelee apu, na utakuwa na kitu cha kumwambia jamaa wa Dar atengeneze. Sasa hivi ukimpa milioni 6 atakutengenezea Bolt ya rangi nyingine.

Najua utauliza na pikipiki za umeme, kila kijana ananiuliza siku hizi. Ziko vizuri. Kigali kuna Ampersand tangu 2019, dereva anachukua pikipiki ila betri si yake, ikiisha anaingia kituoni anabadilishiwa anaondoka, hakai kusubiri chaji. Nairobi BasiGo wana kitu kinachofanana kwa mabasi, ila hawabadilishi betri, mwenye basi analipia betri na chaji kwa kilomita anazotembea. Umeona wote wameshika palepale, hela anayotoa dereva kila siku, mafuta, wakaipunguza. Ila hiyo biashara inataka vituo na betri za akiba kuliko pikipiki zenyewe, huwezi kuianza na milioni 9 peke yako. Mwenye vituo akifika Morogoro huko na akisogea kwenu, wewe uwe na madereva waaminifu mkononi, atakutafuta yeye.

Makaratasi. Mkataba uandikwe, nakala mbili, mashahidi wa pande zote, upitie serikali ya mtaa na kama hela inaruhusu kwa wakili, mle ndani iandikwe chombo kikiibiwa inakuwaje, dereva akiumwa inakuwaje, asipoleta siku ngapi ndio unachukua chombo, na mkataba ukiisha kadi ya usajili wa pikipiki inahamishwa kwa jina lake ndani ya muda gani. Hicho cha mwisho mabosi wengi wanakikwepa na ni dhuluma, kijana anamaliza miezi 16 anazungushwa kadi. Leseni ya LATRA, leseni ya dereva yenye daraja la chombo husika, mambo ya TRA. Bima, bosi wengi wanakata ile ndogo ya shilingi kiduchu ili trafiki aone stika, ukiweza kwenye mwaka wa kwanza kata kubwa, wizi ni jambo la kweli. Kifaa cha GPS kifiche mahali ambapo hata dereva hapajui.

Na mjomba. Hukusema hela yake anaitaka lini na nina wasiwasi hata nyie wenyewe hamjaongea. Kaa naye kabla hujanunua hata tairi, muonyeshe hesabu ya mkataba, mwambie hela inarudi kidogokidogo kwa miezi 16 na si kwa mkupuo msimu ujao, mkubaliane mwezi wa kwanza kumlipa uwe wa nne. Akisema yeye anaitaka mwezi wa 9 yote, mrudishie leo leo uanze na milioni 4 na nusu ya kwako, pikipiki moja na akiba, taratibu.

Wiki tatu zijazo usinunue chochote. Chukua daftari, kaa stendi siku mbili, hospitali getini siku mbili za usiku, stesheni siku ya treni, kwenye mashine za kukoboa siku tatu, andika kila anayekosa usafiri, alikuwa anaenda wapi, alisubiri muda gani, mwishowe alilipa ngapi na nani kambeba. Nenda na mama ile siku ya kwenye mashine, anawajua wakulima kuliko wewe na watamwambia bei za kweli. Ukimaliza lipige picha hilo daftari kurasa zote unitumie, tutajua kama ni toyo au ni pikipiki mbili.